Tembo wa Tatu Hana Mkonga

Picha ya saba ilikuwa ya tembo wanne wa jiwe, na wa tatu hana mkonga. Priscah aliijua kuliko alivyoijua picha yake mwenyewe kwenye ikama, kibali chake cha ukaazi. Alikuwa kwenye chumba cha kufulia, ghorofa ya tatu huko Aziziya, Jeddah, akipiga pasi mashati ya bosi. Kila shati likiisha, alichomoa picha moja chini ya kikapu cha nguo na kuieleza kwa sauti ya chini. Ba, aliyekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, alirudia maneno yake akiwa amefumba macho. Wala hakuwa na haja ya kuyafumba, maana macho yenyewe yalikuwa yamekwisha.

Ba ni mama kwa Kigujarati, na nyumba nzima ilimwita hivyo. Wiki yake ya kwanza Priscah alidhani wanafupisha "baba." Akashangaa ni watu gani hawa wanaomwita ajuza aliyevaa sari baba, lakini akanyamaza, kwa sababu ajenti wa Nairobi alikuwa amewaonya kwamba Uarabuni mtu haulizi-ulizi. Jina lake hasa lilikuwa Kokila. Alizaliwa Kisumu, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, akapelekwa Gujarat kuolewa akiwa na miaka kumi na tisa. Kiswahili chake kilibaki kile kile cha dukani, na mwanawe Nilesh, aliyezaliwa hukohuko India, hakujua hata neno moja. Ndiyo maana siri yao ilikaa vizuri humo ndani. Waliizungumza mezani, mbele ya wenye nyumba, huku wakipakua wali.

Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Walipokwenda kwa daktari hatimaye, alisema atamtoa, ila sukari ishuke kwanza, labda miezi mitatu. Safari ya Ba ya kila Desemba ilikuwa imebakiza wiki tatu. Kwenye lifti ya hospitali Ba aliikunja ile karatasi ya daktari, akaitumbukiza ndani ya mkoba wa Priscah. "Wewe hapana ambia mtu," akasema. "Nilesh iko jua, mimi hapana enda."

Safari yenyewe niieleze, maana watu wengi wakisikia bibi kizee anapeleka watoto kwenye mahekalu ya Kihindi hufikiri ni mambo ya ubani na kengele. Hapana. Ba alikuwa mwalimu wa historia. Kila Desemba aliwachukua watoto wa familia za Kigujarati waliokuwa wakiishi Saudia, akawapeleka siku kumi kusoma mawe ya kale: kupima ngazi, kuhesabu nguzo, kuchora, kuuliza nani alichonga nini na kwa nini. Sheria yake ilikuwa moja tu, usichore usichokiona. Na kila mwaka walimalizia kwenye hekalu dogo kando ya kijiji alichoolewa, ambalo nusu lilishaanguka karne na karne zilizopita na sasa mbuzi ndio waliolala humo. Wanakijiji walikuwa wakibeba mawe yake kujengea mazizi. Walipoona watoto wanatoka ng'ambo kuja kuyachora, wakaona haya, wakaacha. Jiwe lisilo na wa kulisimulia, Ba alizoea kusema, watu watalijengea choo.

Mwaka huu habari zilikuja kwamba chumba cha ndani kabisa cha hekalu hilo kitafungwa Januari kwa matengenezo, kwa miaka isiyopungua kumi. Ba alikuwa na miaka sabini na minne. Hesabu hiyo hata mtoto wa nasari angeimaliza.

Sasa wazazi wa Riyadh, wenye watoto tisa kati ya kumi na mmoja, walisikia kwamba Ba siku hizi anajikwaa. Wakataka kumwona kwanza. Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, nyumbani kwa mama mmoja aitwaye Sarla, aje aonyeshe picha zake ukutani na kuzieleza, kisha wao waamue. Wakikataa hakuna safari, na kile chumba hataingia tena maisha yake.

Kwa hiyo Priscah akawa macho. Picha zilikuwa ishirini na nne, naye alizipa majina ya kwao, kwa sababu ya Kihindi yalimshinda. Kulikuwa na dada anayetoa mwiba mguuni. Kulikuwa na ngazi za kichwa chini, ambazo kumbe ni dari. Rafiki yake Zipporah, aliyesafiri naye kutoka Nairobi na ambaye sasa alikuwa akifanya kazi mtaa wa Al-Nuzha, alimwambia kwenye simu kwamba ameingia makosa mawili kwa mpigo, sanamu za watu na uongo kwa kafili, yaani bosi anayemdhamini, na hilo la pili ndilo litakalompandisha ndege ya kurudishwa kwao. Priscah akamjibu kwamba yeye hasujudu, anahesabu tembo tu. Na kuhusu kafili, halas, basi tena, maji ameshayavulia nguo.


Bhavna, mke wa Nilesh, alisema gari litajaa na Priscah abaki kulinda nyumba. Ba akasema bila Priscah haendi. Nilesh, aliyekuwa mtu mpole na mwenye haraka, akadhani ni kwa sababu ya magoti ya mama yake, akakubali ili waondoke mapema. Jeddah mpaka Riyadh ni karibu kilomita elfu moja, na muda wote huo nyuma ya gari kulikuwa na minong'ono ya Kiswahili.

Wakiwa wameipita Taif, Nilesh akauliza wanaongea nini hasa. Ba akamjibu kwa Kigujarati kwamba wanakumbushana bei ya mihogo ya Kisumu. Nilesh akacheka na kuongeza mwendo.

"Nje iko nini?" Ba akauliza.

"Mchanga, Ba."

"Mchanga ya namna gani? Mwalimu hapana sema mchanga tu. Ona vizuri."

Priscah akasogeza uso karibu na kioo. Akasema ni mwekundu, umekunjamana kama shuka ambayo mtu ameamka sasa hivi, na mbali kuna nguzo za umeme zinazozidi kuwa fupi. Ba akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Miezi minne hivyo, kila siku, kila kitu. Priscah alikuwa ameishi miaka thelathini na tatu bila mtu kumuuliza ameona nini, na sasa hata bakuli la dengu hakuweza kulipita bila kulihesabia nyufa. Alilipenda jambo hilo, ingawa hakumwambia mtu.

Mpango wao ulikuwa mwepesi. Priscah angekaa nyuma ya kiti cha Ba, ameshika shali, kama wafanyavyo wasichana wa kazi wa watu wazee. Kila picha ikija, angeinama kurekebisha shali na kunong'ona neno moja. Ba angeyajaza mengine.


Sarla aliwapokea mlangoni kwa kumbatio, Ba, Bhavna, hata mkoba wa Bhavna. Alipomfikia Priscah akamshika kiwiko na kumgeuza upande mwingine. Jikoni kulikuwa na wageni ishirini wa kupikiwa chai, sambusa za kukaanga, na huyu aliyekuja alikuwa mikono miwili ya bure. Priscah alijaribu kusema kwa Kiingereza kwamba madam mkubwa anamhitaji karibu. Sarla akasema Ba yuko na familia yake, asiwe na wasiwasi, yalla, haraka. Akamwonyesha kikombe cha plastiki juu ya friji, peke yake, mbali na vya wenyewe. Hicho ndicho angenywea akisikia kiu.

Sebuleni Ba alikaa, akapeleka mkono nyuma ya kiti kutafuta goti la Priscah. Akalikuta pazia.

Bado angeweza kujikwamua, kwa sababu mpangilio wa picha alikuwa ameukariri. Lakini Nilesh, kwa wema wake, alikuwa amezihamishia kwenye kompyuta mpya ya ofisi, nayo ikazipanga upya inavyojua yenyewe. Picha sita za kwanza zilikaa mahali pake. Ya saba, Ba akaanza kueleza habari za tembo, jinsi mchongaji alivyompa kila mmoja mwendo wake. Sauti yake ilikuwa nzuri. Kisha Kinjal, binti wa Sarla wa miaka tisa aliyepewa kazi ya kubonyeza kitufe, akasema kwa adabu, "Ba, huyu si tembo. Ni mwanamke."

Jikoni Priscah alisikia kimya. Kigujarati hakukijua, lakini kimya cha aibu ni kimoja kila mahali. Alichungulia, akamwona dada anayetoa mwiba amejaa ukuta mzima, na Ba chini yake ameinua uso, akitabasamu upande usio wenyewe. Akazima jiko. Akapanga vikombe kwenye sinia, akajifunga mtandio vizuri, akaingia.

"Ba, chai," akasema, akiinama. "Dada anatoa mwiba."

"Aha," Ba akasema, na kwa Kigujarati akawaambia watoto kwamba alitaka kuona nani amelala. Akaeleza mwiba, akaeleza kidole gumba kilivyojikunja kwa maumivu, na kwamba fundi yule lazima aliwahi kuchomwa mwiba mwenyewe. Wazazi wakacheka. Picha ikabadilika, Priscah akarudi na sukari. Ngazi za kichwa chini. Akarudi na vitambaa vya karatasi. Nguzo nane, moja imepasuka. Akarudi na sambusa, akarudi na chai tena, na watu ambao vikombe vyao vilikuwa bado vimejaa wakaongezwa mpaka ikamwagika kwenye visahani. Sijui kama Riyadh nzima kuna wageni waliowahi kuhudumiwa namna ile. Bhavna alianza kumtazama kwa jicho la kumtuma jikoni.

Basi ile ya tembo ikaja. "Ba, sukari tena. Tembo wanne, wa tatu hana mkonga."

Pembeni, kwenye kochi, alikaa mzee mmoja mwenye mkongojo, Jitendra, baba yake Sarla, aliyekuja kumtembelea bintiye. Yeye na Ba hawakuwa wamepata nafasi ya kuulizana kwao wapi. Mzee akanyoosha kikombe chake, na kwa Kiswahili cha Tanga, kilichonyooka, akasema:

"Binti, na huyu tembo wangu kikombeni, yeye mkonga anao?"

Kijiko kilimponyoka Priscah. Ba akaangua kicheko. Hakuweza kujizuia, miaka hamsini na mitano hajasikia Kiswahili cha pwani, na kimemjia na mzaha mtupu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Mzee naye akacheka, na watoto wakacheka kwa kuona wazee wanacheka. Kisha Nilesh akauliza kuna nini cha kuchekesha.

Mzee Jitendra alimgeuzia Ba macho, kumwachia njia. Ba angeweza kusema bei ya mihogo. Lakini watoto tisa walikuwa mbele yake na daftari zao, na sheria yake ilikuwa ni usichore usichokiona. Akajifuta midomo kwa ncha ya sari, akasema kwamba yeye haoni. Kwamba picha zote hizo amesimuliwa na Priscah, hapa na nyumbani.

Nilesh akauliza tangu lini, na mama yake akajibu, miezi minne sasa. Nyumba yangu, mwanawe akasema polepole, mama yangu, na mimi sijui. Alikuwa na haya kuliko hasira, lakini haya ya mwanamume mbele ya watu hutafuta pa kutua, na macho yake yakatua kwa Priscah. Ya Bhavna yalikuwa yametangulia. Sarla akasema, kwa ile sauti laini ya mtu aliyepunguziwa mzigo, kwamba basi hakuna lawama, uzee ni uzee, watoto watakwenda mwaka mwingine na mtu mwingine. Priscah alisimama na sinia lake, akifikiria sanduku lake chini ya kitanda, kama zipu bado inafunga.

Kinjal, asiyependa mambo kuishia njiani, alibonyeza kitufe mpaka picha ya mwisho. Ukuta ukawa mweusi. Mumewe Sarla akainuka kuipigapiga mashine kwa kiganja.

Priscah angeweza kunyamaza. Lakini ukishakaa miezi minne na picha ishirini na nne, ukaona mtu anaipiga moja kama redio mbovu, inauma.

"Mzee, mwambie haijaharibika," akasema kumwambia Jitendra. "Hiyo ni nyumba ya mtoto."

Mzee akamuuliza ana maana gani.

"Si ni kile chumba cha ndani? Ba aliniambia hakina dirisha, na alikataa kipigwe picha kwa taa. Akasema kila kitu cha hekalu kilianzia humo, kikatoka nje. Nikajiambia, hiyo ni nyumba ya mtoto, pale anapokaa kabla hajazaliwa. Kule hakuna taa. Wangu wawili walikaa humo miezi tisa na hawakulalamika."

Mzee Jitendra akageuka kuwatafsiria. Akaanza, akasita katikati, akacheka peke yake, kwa sababu alipolifikia neno hilo alikuta wanalo tayari. Chumba kile kwa lugha ya mawe huitwa garbhagruha. Garbha ni mimba, gruha ni nyumba. Watoto walikuwa wamelikariri kwa ajili ya mtihani wa Ba, na Kinjal alikiri kwamba yeye siku zote alidhani ni jina la mfalme.

Ba alikuwa amegeuza uso kufuata sauti ya Priscah. Katika kukariri kwao, picha hii walizoea kuiita "ya mwisho" tu, wakaenda kulala. Na alipoondoka Kisumu alikuwa msichana asiyeolewa, maneno ya namna hiyo hakuna aliyemfundisha kati ya majora ya khanga. Alilirudia mara mbili, nyumba ya mtoto, nyumba ya mtoto, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akainuka.

Akamuuliza Sarla kama nyumba hii ina chumba kisicho na dirisha. Sarla, aliyeshikwa bila kujiandaa, akasema ipo stoo ya mchele, mwisho wa korido.

"Priscah," Ba akasema, "fungua mlango. Zima taa yote."

Hakuomba mkono wa mtu. Aliwaambia watoto wamfuate, na akawa anasema njia nzima. Sebule hii ni uwanja wa nje, hapa jua, hapa soko, pigeni kelele mtakavyo. Wakapiga. Korido hii ni ukumbi wa nguzo, mwanga unapungua, na sauti zenu zipunguzeni nao. Wakapunguza. Mlango huu ni mfupi, aliyejenga alitaka kila mtu ainame, awe tajiri awe nani. Mlango wa stoo haukuwa mfupi, lakini watoto wote tisa waliinama. Priscah akaufunga nyuma yao.

Ndani giza lilikuwa zito. Mmoja akagonga gunia, mwingine akagonga mwenzake. Ba peke yake ndiye aliyetembea bila kugusa kitu. Sauti yake ikatoka mbele kabisa.

"Sasa wote mnaona kama mimi," akawaambia. "Wekeni mkono ukutani. Msiseme. Subirini mpaka mjue mko wapi."

Nje, wazazi walijazana koridoni. Walisubiri kelele, na kelele hazikuja. Dakika moja, mbili. Sarla alikuwa hajawahi kumsikia Kinjal akinyamaza kwa muda huo akiwa macho, akaanza kuingiwa na hofu. Nilesh alisimama wa kwanza mlangoni, kiganja chake nacho kiko ukutani, na sidhani kama alijijua. Kisha ndani mtu alipiga chafya kwa sababu ya gunia la pilipili, na stoo nzima ikaripuka kwa vicheko.

Walipotoka, Kinjal alisema amejua mchele uko kushoto na vitunguu kulia kabla hajavigusa, na kwamba anataka kwenda kwenye ile nyumba yenyewe. Wengine wakasema hivyo hivyo, wote kwa pamoja. Wazazi wakatazamana. Sarla ndiye aliyezungumza, na alizungumza kama anayeuliza jambo la jikoni.

"Huyu msichana wa kazi," akasema, "pasipoti yake inaisha lini?"

Hivyo ndivyo walivyojua kwamba safari ipo. Bhavna alijibu yeye, tarehe na mwezi, bila kusita, na Priscah akashangaa kwamba madam anazijua. Mzee Jitendra akasema Priscah akae, hawezi kusimama mwalimu wa watu. Sarla akamimina chai kwenye kikombe cha kioo chenye mstari wa dhahabu, akampa mkononi. Sitawadanganya kwamba alibadilika siku hiyo. Jioni alikiosha mara mbili. Lakini alikimimina mwenyewe.


Jumamosi walirudi Jeddah. Riyadh iliisha kabisa nyuma yao. Kisha Nilesh akatangaza, akitazama barabara, kwamba Jumapili ofisi zikifunguliwa ataomba viza ya Priscah ya kutoka na kurudi, na kwamba wakirudi tu kutoka India huyo mtoto wa jicho anatolewa, hataki mjadala. Bhavna alitafsiri kwa Kiingereza. Ba akasema kwa Kiswahili kwamba mtoto ya jicho iko subiri, kwanza peleka mtoto ya watu. Priscah akacheka dirishani.

Walikuwa jangwani, saa nne asubuhi, hewa safi.

"Nje iko nini?" Ba akauliza.

Priscah alifungua mdomo. Lakini Nilesh alikuwa amemwangalia kwenye kioo, akamuuliza kwa Kiingereza mama ameuliza nini, naye akamwambia. Nilesh akafikiri kidogo. Akapunguza mwendo, na kwa Kigujarati, taratibu, akamwambia mama yake kwamba kuna ngamia. Mama akauliza wangapi. Akasema sita.

"Saba, Ba," Priscah akanong'ona. "Mmoja yuko nyuma ya mwenzake, anaonekana miguu tu."

Ba akamgusa mwanawe begani na kumwambia aone vizuri. Nilesh akalisogeza gari pembeni mwa barabara, akalisimamisha, akavua miwani yake ya jua. Akashusha kioo, na akaanza kuwahesabu tena, kwa sauti, huku akinyoosha kidole kwa kila mmoja. Walikuwa saba.